Namna ya kupima mwelekeo wa elimu kwa takwimu za shule

Shule ikitangaza kwamba ufaulu umepanda kutoka asilimia 75 hadi 85, usianze kwa kuuliza walimu wamefanya nini. Uliza kwanza: asilimia ya nani? Takwimu karibu zote za elimu ni sehemu, yaani kiasi juu na asili chini. Watu hutazama kiasi, na mabadiliko mengi yanayoitwa "mwelekeo" yametokea kwenye asili: waliohesabiwa mwaka huu si watu wa aina ileile waliohesabiwa mwaka jana. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua, kuanzia daftari la shule hadi grafu. Unahitaji kikokotoo, au programu kama Excel, na data ya angalau miaka mitano. Miaka miwili haitoshi kuonyesha mwelekeo, inaonyesha tofauti tu.

Kupanga data kabla ya kukokotoa chochote

Tengeneza jedwali moja refu. Kila safu iwe darasa moja, jinsia moja, mwaka mmoja. Safuwima ziwe hizi: mwaka, darasa, jinsia, waliopo siku ya kuhesabu, wanaorudia darasa, waliohamia kutoka shule nyingine, waliohama kwa barua, waliofariki. Kwa darasa la mtihani ongeza waliosajiliwa, waliofanya na waliofaulu. Usiweke jumla katikati ya jedwali. Jumla zikokotolewe pembeni. Mtu akiziacha humo ndani, mwingine atazijumlisha tena na idadi ya wanafunzi itakuwa maradufu.

Mahali pasipo na taarifa paache wazi. Usiandike 0. Sifuri maana yake tulihesabu tukakuta hakuna. Pengo maana yake hatujui. Programu ikikokotoa wastani huruka pengo lakini huhesabu sifuri, na hapo ndipo shule isiyowasilisha taarifa huonekana kama shule isiyo na mtoto hata mmoja.

Andika pia tarehe ya kuhesabu, na iwe ileile kila mwaka. Wiki ya kwanza ya muhula darasa linakuwa bado halijajaa. Mwezi wa pili limejaa. Mwishoni mwa mwaka limepungua. Ukilinganisha hesabu ya mwezi wa pili mwaka huu na ya mwezi wa kumi mwaka jana, utakuwa umepima kalenda. Angalia tena kama fedha za shule hutegemea idadi ya wanafunzi. Pale zinapotegemea, wanafunzi hewa huzaliwa. Kuwabaini si kazi ngumu: chukua madarasa machache, hesabu watoto waliokaa darasani siku ya kawaida bila taarifa, kisha linganisha na rejesta na idadi ya waliofanya mtihani wa mwisho wa muhula. Watoro watakosekana siku moja, lakini mtoto asiyeonekana katika orodha yoyote ya alama kwa mwaka mzima ni wa kuulizia.

Uandikishaji: wa jumla na halisi

Tuseme eneo lina watoto 10,000 wenye umri rasmi wa shule ya msingi. Shuleni wapo wanafunzi 10,800, na kati yao 8,600 ndio wenye umri huo.

Uandikishaji wa jumla ni 10,800 ÷ 10,000 × 100 = asilimia 108.
Uandikishaji halisi ni 8,600 ÷ 10,000 × 100 = asilimia 86.

Asilimia 108 haimaanishi kwamba kila mtoto anasoma na nafasi zimebaki. Maana yake ni kwamba wapo wanafunzi waliopita umri au walioanza mapema, na wengine wanarudia madarasa. Uganda ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 3.1 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5. Malawi nayo, ilipofuta ada mwaka 1994, ilipanda kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Katika miruko ya namna hii uandikishaji wa jumla hupita 100 kwa mbali, kwa sababu vijana waliokuwa wamekosa nafasi kwa miaka huingia kwa mkupuo. Miaka sita au saba baadaye kipimo hicho hushuka, na mtu asiyejua hudhani elimu imerudi nyuma, kumbe ni wale wakubwa tu wamemaliza.

Wala asilimia 86 haimaanishi kwamba asilimia 14 wako mtaani. Baadhi yao wameshavuka kwenda sekondari, wengine bado wako elimu ya awali. Kabla ya kutangaza idadi ya walio nje ya shule, watafute hao kwanza uwaondoe.

Tatizo kubwa la vipimo hivi viwili limejificha kwenye asili. Idadi ya watoto wa umri fulani hutoka kwenye sensa, na sensa kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka kumi hivi. Katikati ya hapo hutumika makadirio. Sensa mpya ikitoka na kuonyesha watoto ni wengi kuliko ilivyokadiriwa, uandikishaji unashuka usiku mmoja bila mtoto hata mmoja kuacha shule. Dawa yake ni kurudi nyuma na kukokotoa upya miaka yote kwa makadirio mapya, badala ya kuunga nambari mpya kwenye mkia wa zile za zamani.

Kulinganisha wasichana na wavulana, gawanya uandikishaji wa wasichana kwa ule wa wavulana. Usigawanye idadi yao tu, maana katika baadhi ya maeneo watoto wa jinsia moja ni wengi zaidi katika jamii yenyewe. Kwa kawaida jibu likiwa kati ya 0.97 na 1.03 husemwa kuna usawa. Chini ya hapo wasichana wamebaki nyuma, juu ya hapo ni wavulana.

Mdondoko: hapa ndipo hesabu huharibika

Makosa ya kawaida ni kuchukua mwaka mmoja, kuona darasa la kwanza lina watoto 120 na la pili 100, na kusema 20 wameacha shule. Hao ni watoto tofauti kabisa. Pengine mwaka uliopita waliandikishwa wachache tu. Mdondoko hufuatilia kundi lilelile kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na unahitaji namba za miaka miwili pamoja na wanaorudia.

Tuchukue shule ya mfano. Mwaka 2023 darasa la kwanza lilikuwa na watoto 120. Mwaka 2024 darasa la kwanza lina 130, na kati yao 12 wanarudia. Darasa la pili mwaka huo lina 105, na kati yao 8 wanarudia.

Waliopanda kutoka la kwanza: 105 − 8 = 97. Hao wanane waondoe, kwa sababu mwaka jana walikuwa tayari darasa la pili.
Kiwango cha kupanda: 97 ÷ 120 = asilimia 80.8.
Kiwango cha kurudia: 12 ÷ 120 = asilimia 10.
Kilichobaki: 120 − 97 − 12 = watoto 11, yaani asilimia 9.2.

Aliyetoa 105 katika 120 angepata 15. Kosa la watoto wanne kwenye darasa moja. Lizidishe kwa madarasa yote na shule zote za eneo uone ukubwa wake.

Lakini hao 11 bado si walioacha shule. Fungua safuwima za uhamisho. Tuseme watoto 3 wa darasa la pili wamehamia kutoka kwingine, na 6 wa darasa la kwanza waliondoka kwa barua kwenda shule nyingine. Basi waliopanda kweli ni 94. Waliopotea ni 120 − 94 − 12 = 14. Ondoa 6 wenye barua, wanabaki 8, sawa na asilimia 6.7. Hao wanane ndio wa kufuatiliwa nyumbani kwa majina. Ngazi ya taifa uhamisho wa ndani hujifuta wenyewe, anayetoka hapa ameingia pale, lakini katika shule moja unaweza kugeuza jibu lote. Ndiyo maana shule inayopokea wahamiaji wengi wakati mwingine hupata mdondoko wenye alama ya kutoa. Ukiona hivyo usifute. Ni ishara kwamba safuwima ya waliohamia haikujazwa.

Ukitaka kujua wangapi wa kila mia wanafika darasa la mwisho, endelea hivyohivyo darasa kwa darasa. Anza na watoto 1,000 wa kufikirika na uwapitishe kwenye viwango vya kupanda, kurudia na kuacha vya kila darasa. Wanaorudia wabakize palepale mwaka unaofuata, kisha uwape tena viwango vilevile. Kwa kawaida mtoto huruhusiwa kurudia mara moja au mbili tu katika hesabu hii. Ukiwasahau wanaorudia, utawahesabu kama walioacha, na shule kali katika kurudisha watoto nyuma itaonekana inawafukuza.

Mahudhurio

Wastani wa mahudhurio ni kipimo kinachofurahisha watu bila sababu. Darasa la watoto 40 katika muhula wa siku 65 lina siku za mtoto 2,600. Watoto 30 wamekosa siku 2 kila mmoja, jumla 60. Watoto 10 wamekosa siku 20 kila mmoja, jumla 200. Siku zilizopotea ni 260, mahudhurio ni asilimia 90, na taarifa itasema hali ni nzuri. Wakati huohuo robo ya darasa imekosa karibu theluthi ya masomo.

Kwa hiyo toa nambari mbili kila mara: wastani, na idadi ya watoto waliokosa sehemu moja ya kumi ya siku au zaidi. Hapa kikomo ni siku 6.5, yaani kuanzia siku 7. Hii ya pili ndiyo itakayokuonyesha mapema nani ataingia kwenye mdondoko wa mwaka kesho.

Wanafunzi kwa mwalimu

Wanafunzi 900, walimu 20, uwiano ni 45 kwa 1. Nambari hii husaidia kugawa walimu kati ya maeneo, lakini haielezi darasa lilivyo. Ndani ya wale 20 yumo mwalimu mkuu asiyefundisha vipindi vingi, yumo aliye masomoni, yumo aliye likizo ya uzazi. Hesabu wanaofundisha.

Hata ukubwa wa darasa wenyewe una mtego. Shule ina madarasa matatu ya watoto 30 na moja la watoto 110. Wastani kwa darasa ni 200 ÷ 4 = 50. Ukimuuliza kila mtoto darasa lenu lina wangapi, 90 watasema 30 na 110 watasema 110, na wastani wa majibu yao ni (90 × 30 + 110 × 110) ÷ 200 = 74. Mwalimu mkuu akisema 50 na mzazi akisema zaidi ya 100, wote wawili wamesema kweli. Kwa mjadala kuhusu ujifunzaji tumia 74, kwa sababu ndicho wanachoishi watoto.

Ufaulu

Turudi kwenye ile asilimia 75 iliyogeuka 85. Mwaka wa kwanza darasa la mwisho lilianza na wanafunzi 100. Waliofanya mtihani 80, waliofaulu 60. Hiyo ni asilimia 75. Mwaka wa pili walianza 100, wakafanya 65, wakafaulu 55. Hiyo ni asilimia 84.6. Shule imepongezwa, na waliofaulu wamepungua watano. Wanafunzi dhaifu walirudishwa darasa, au walishauriwa kusubiri, au waliachwa wapotee wenyewe.

Kinga yake ni kuandika ufaulu kwa asili mbili: kwa waliofanya mtihani, na kwa waliokuwepo darasani mwanzo wa mwaka. Kwa mfano huu asili ya pili inatoa 60 halafu 55. Nambari hizi mbili zikienda pande tofauti, tafuta waliokosekana katikati kabla ya kusema lolote kuhusu ubora wa ufundishaji. Upungufu huu upo hata kwenye vipimo vya kimataifa: PISA, upimaji wa wanafunzi wa nchi mbalimbali unaoendeshwa na OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), ulioanza mwaka 2000, hupima vijana wa miaka 15 walioko shuleni. Nchi ambayo wengi wa umri huo wameshaacha shule inapimwa kwa waliobaki.

Halafu kuna ukubwa wa kundi. Darasa likiwa na watahiniwa 25, mmoja tu ni alama nne za asilimia. Akiugua malaria siku ya mtihani ufaulu umeshuka. Ili kukadiria bahati ina nguvu kiasi gani, zidisha ufaulu kwa kutofaulu, gawanya kwa idadi ya watahiniwa, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2. Kwa ufaulu wa asilimia 70 na watahiniwa 40: 0.7 × 0.3 = 0.21; ÷ 40 = 0.00525, kipeuo chake ni kama 0.072, mara 2 ni kama 0.145. Maana yake ni alama 14 hivi juu au chini. Ukilinganisha miaka miwili, upana huo uzidishe kwa 1.4: tofauti isiyofika alama 20 katika shule hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Kwa watahiniwa 400 kikomo hicho hushuka hadi kama alama 6. Kupanga shule ndogo na kubwa katika orodha moja ya ubora basi kuna kasoro tangu mwanzo: shule ndogo ndizo zitakazojaa juu kabisa na chini kabisa, kila mwaka, na si zilezile.

Kwa shule ndogo tumia wastani wa miaka mitatu unaosogea. Ufaulu ukiwa 62, 71, 65, 74, 69, wastani unaosogea ni 66, 70 na 69.3. Kelele imepungua, na kinachoonekana ni kupanda kidogo kisha kutulia.

Wastani ukishuka huku kila kundi likipanda

Hili linastahili kuangaliwa kila elimu inapopanuka. Mwaka 2019 eneo lilikuwa na watahiniwa 80 wa mjini wenye wastani wa alama 60, na 20 wa vijijini wenye wastani wa 40. Wastani wa wote: 56. Mwaka 2024 wa mjini ni 80 wenye 62, na wa vijijini ni 120 wenye 44. Wastani wa wote: (80 × 62 + 120 × 44) ÷ 200 = 51.2. Mjini wamepanda, vijijini wamepanda zaidi, na taarifa ya jumla inasema elimu imeporomoka karibu alama tano.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilidahili asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya uzamili na asilimia 35 ya wanawake. Ilionekana kuwa ubaguzi wa wazi, hadi takwimu zilipogawanywa kwa idara: wanawake walikuwa wameomba zaidi kwenye idara zinazokataa waombaji wengi, na katika idara nyingi hawakuwa nyuma ya wanaume. Kwa hiyo kabla ya kuandika taarifa ya mwelekeo, gawa data angalau mara moja: kwa jinsia, mahali, aina ya shule, au waliorudia na wasiorudia. Ukikuta makundi yote yanaelekea upande mmoja na jumla upande mwingine, eleza mgawanyo wa makundi ulivyobadilika, na weka jedwali la makundi mbele ya ile jumla.

Kueleza ukuaji na kuchora

Ufaulu ukitoka asilimia 60 hadi 66 umepanda alama 6 za asilimia, au umekua kwa asilimia 10. Kauli zote mbili ni sahihi, na anayetaka kujisifu huchagua ya pili. Andika alama, na taja mwanzo na mwisho.

Ukuaji wa kila mwaka haupatikani kwa kugawanya. Shule iliyotoka wanafunzi 640 mwaka 2019 hadi 800 mwaka 2024 imekua asilimia 25 kwa miaka mitano, lakini kwa mwaka si 5. Kwenye Excel andika =(800/640)^(1/5)-1, utapata asilimia 4.6. Kipeo ni idadi ya vipindi, si idadi ya miaka iliyoorodheshwa: 2019 hadi 2024 kuna miaka sita kwenye jedwali na vipindi vitano.

Kwenye grafu, nguzo zianzie sifuri. Mstari unaweza kuanzia juu zaidi mradi mhimili usomeke. Usiweke mistari zaidi ya minne. Mahali kipimo kilipobadilika, kata mstari uache uwazi na uandike sababu: viwango vya madaraja vimebadilishwa, umri wa kuanza shule umesogezwa, mipaka ya eneo imegawanywa, mtaala mpya umeingia. Mwaka 2020 na 2021 ziwekewe alama kila mara kwa sababu ya shule kufungwa wakati wa UVIKO-19. Hata PISA ya 2021 ilisogezwa hadi 2022, na wastani wa nchi za OECD katika hisabati ukawa umeshuka karibu alama 15 za mtihani huo (si za asilimia) tangu 2018. Anayeanzia mwaka 2020 kuonyesha mahudhurio yalivyopanda anapima kufunguliwa kwa mageti. Anzia 2019 au mapema zaidi.

Chini ya kila grafu weka mstari mmoja wenye mambo manne: kiasi ni nini, asili ni nini, tarehe ya kuhesabu, na shule ngapi zimewasilisha kati ya zilizotakiwa. Hilo la mwisho husahaulika sana. Kama mwaka jana ziliwasilisha shule 50 na mwaka huu 43, kabla ya kusema wanafunzi wamepungua, rudia hesabu kwa zile 43 pekee katika miaka yote miwili.